Kitanda chini, theluji juu: kituo cha skii kwa familia ya Tanga inayokosa usingizi mlimani

Familia ya Tanga inayopanga safari ya theluji huangalia kwanza nauli, kisha picha za milima, kisha inauliza kama watoto watapata mwalimu wa skii. Mwinuko hukumbukwa usiku wa kwanza, saa nane, mama ameketi kitandani akitafuta pumzi na mtoto analia kichwa. Ikiwa mmoja wenu hulala vibaya mlimani, anzeni na mwinuko, tena mwinuko wa kitanda: nyumba mtakayolala iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Mteremko wa kuchezea mchana una uzito mdogo zaidi, kwa kuwa saa tano za kuteleza juu na kushuka zinabebeka kuliko saa kumi za kulala hukohuko.

Vipimo tunavyo nyumbani. Anayeishi Raskazone au Ngamiani hulala karibu kabisa na usawa wa bahari. Amani iko mita 900 hivi, Lushoto mita 1,400 hivi. Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu, Mandara ni mita 2,720 na Horombo mita 3,720. Aliyelala Lushoto akaamka mzima hajajipima bado, maana mwinuko ule ni mdogo mno kumvuruga mtu mzima mwenye afya. Aliyelala Horombo akashtuka kila mara na kichwa kikimgonga ameshapata jibu lake. Yaliyompata mtu mlimani safari iliyopita ndiyo yanayoashiria safari ijayo, kuliko umri wake na kuliko mazoezi yake. Mcheza mpira hodari anaweza kuzidiwa, bibi yake akalala fofofo.

Usingizi unakatikaje? Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya pwani. Kinachopungua ni msukumo wa hewa yenyewe: kwenye mita 1,500 hubaki kama asilimia 84 ya ule wa baharini, kwenye mita 2,500 kama 75, kwenye mita 3,000 kama 70. Mwili ukihisi oksijeni imepungua hupumua kwa nguvu zaidi, na kwa kupumua hivyo hutoa kabonidioksaidi nyingi kupita kiasi. Gesi hiyo ndiyo inayouambia ubongo lini pumzi nyingine ivutwe. Mtu akilala na gesi ikawa imeshuka mno, pumzi husimama kwa sekunde kadhaa; oksijeni inaanguka, ubongo unashtuka, anavuta pumzi nzito tatu au nne, kisha mambo yanaanza upya. Anayelala naye husikia kimya, halafu mhemo wa ghafla. Usingizi mzito hupungua, kuamka kunazidi, na juu ya hayo figo hutoa mkojo mwingi kuliko kawaida, kwa hiyo hata aliyesinzia anaamka kwenda chooni.

Hali hii huwagusa baadhi ya watu kuanzia mita 2,000, na huwa ya kawaida kupita mita 2,500. Usiku wa kwanza na wa pili ndio mbaya. Wengi hupata nafuu kufikia wa tatu au wa nne, ingawa kadiri kitanda kinavyopanda ndivyo nafuu inavyochelewa. Kwa safari ya siku tano hesabu hiyo inauma: mmelipa siku tano, mmefaidi mbili.

Tusichanganye mambo, lakini. Kukosa usingizi peke yake si ugonjwa wa mlima. Mwaka 2018 wataalamu waliuondoa usingizi mbovu kwenye kipimo cha Lake Louise kinachotumika kuupima ugonjwa huo. Yaliyobaki ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu, na kizunguzungu. Kuna pia saa. Ufaransa, Uswisi na Austria wakati wa baridi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili. Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili asubuhi Tanga atafumbua macho saa kumi huko, akiwa mchangamfu na anataka chai. Huyo hana shida ya mwinuko, na siku mbili tatu zitamrekebisha.

Haya ndiyo maeneo tunayoyalinganisha, kwa mita za makadirio:

| Mahali | Kitanda | Juu ya lifti | Msimu |
|---|---|---|---|
| Afriski, Lesotho | zaidi ya 3,000 | 3,222 | Juni hadi Agosti |
| Oukaïmeden, Morocco, kulala Marrakech | 470 | 3,200 | hasa Januari hadi Machi |
| Val Thorens, Ufaransa | 2,300 | 3,200 | mwisho wa Novemba hadi Mei |
| Brides-les-Bains, Ufaransa | 600 | 2,950 upande wa Méribel | Desemba hadi Aprili |
| Zell am See na Kaprun, Austria | 760 | 3,029 | Desemba hadi Machi, barafu ya kudumu zaidi ya hapo |
| Zermatt, Uswisi | 1,600 | 3,883 | mwaka mzima juu kabisa |
| Breckenridge, Marekani | 2,900 | 3,900 | Novemba hadi Aprili au Mei |

Tuanze na Afrika, kwa sababu nauli ndiyo inayowavuta wengi huko.

Afriski iko kwenye Milima ya Maluti, na msimu wake unaangukia likizo ya Juni ya shule zetu. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi, unatosha kabisa kwa anayeanza. Kwa mlala vibaya, hata hivyo, hiki ndicho chaguo gumu kuliko yote barani: vyumba vyake viko juu kuliko Mandara, na mnafika kwa gari siku hiyohiyo, bila hata kupanda polepole kama wapanda Kilimanjaro. Shauri la kawaida la madaktari wa milimani ni kwamba anayetoka nchi ya chini asilale juu ya mita 2,800 usiku wa kwanza, na Afriski inalivunja. Ikibidi kwenda, lala usiku mmoja au miwili Johannesburg, iliyo mita 1,700 na zaidi, kisha mmoja Clarens au Butha-Buthe, ambako bado ni chini ya mita 2,000. Bora zaidi, fanyeni Butha-Buthe kuwa kambi na kupanda asubuhi kurudi jioni. Ni saa moja na nusu hadi mbili za barabara yenye kona kali kupitia kipito cha Moteng, nayo huganda barafu. Hiyo ndiyo gharama ya usingizi huko: muda wa njiani na dereva aliyezoea baridi, mwenye minyororo ya matairi.

Oukaïmeden ni kinyume chake. Kituo chenyewe kiko mita 2,600, lakini Marrakech iko kilomita 75 hivi chini yake kwa barabara ya bonde la Ourika, na kitanda cha Marrakech ni cha chini kuliko cha Amani. Mnapanda asubuhi kwa gari la kukodi, mnateleza, mnashuka kabla ya giza, mnalala. Chakula cha halali si swali. Kasoro ni theluji yenyewe: kuna miaka huja kwa wingi na kuna miaka mteremko hubaki mawe, na likizo yetu ya Desemba mara nyingi huwa mapema mno kwake. Vifaa vya kukodi navyo ni vya kukagua kimoja kimoja. Angalia kama kufuli linalobana kiatu kwenye skii linaachia mtoto akianguka, na kataa buti lenye klipu iliyovunjika. Kwa familia inayotaka watoto waguse theluji, waporomoke mara kumi na warudi na furaha, panafaa. Kwa anayetaka mwanawe ajifunze skii hasa, hapana.

Ulaya ndiko ulinganisho unakonoga, maana huko mnaweza kuteleza juu na kulala chini bila gari.

Val Thorens ndicho kijiji cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya, na sifa yake ni kwamba theluji haikosi hata mwanzoni mwa Desemba. Milango ya nyumba inafunguka moja kwa moja kwenye theluji, na mzazi mwenye watoto wadogo anaupenda urahisi huo, kwa haki kabisa. Ila mita 2,300 ni mahali ambapo wengine hulala kama kawaida na wengine hawalali. Kama hakuna kati yenu aliyewahi kuzidiwa, mnaweza kuthubutu. Kama yupo, msiweke wiki nzima ya familia kwenye bahati.

Brides-les-Bains iko kwenye eneo lilelile la skii na Val Thorens, liitwalo Three Valleys, lakini kitanda chake kiko mita 600. Ni mji wa maji ya tiba, na mwaka 1992 ukawa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya majira ya baridi. Gari la waya lililojengwa kwa ajili ya michezo hiyo, Olympe, bado linapandisha watu hadi kijiji cha skii cha Méribel kwa nusu saa kasoro. Mambo mawili huwaharibia watu siku. La kwanza, lina tarehe zake za kufungua na saa yake ya mwisho jioni. Ukilikosa, unashuka kwa basi au teksi ukiwa na watoto waliochoka. La pili, kubeba skii za watu wanne kila asubuhi kunachosha kuliko skii yenyewe, kwa hiyo kodi vifaa na kabati kulekule juu Méribel, mpande na buti na kofia tu. Mkishafanya hivyo, nusu saa ile inakuwa kama daladala ya kawaida.

Zell am See tunaiweka mbele kwa familia nyingi za Tanga. Mji uko kando ya ziwa, mita 760 hivi, una stesheni ya treni katikati, na Salzburg yenye uwanja wa ndege iko karibu. Mlima wake wa Schmittenhöhe haufiki juu sana, unaishia mita 2,000 hivi, kwa hiyo hata mchana mwili haushtuki. Theluji ikiwa haba chini, basi linawapeleka Kaprun jirani, ambako lifti zinapanda hadi barafu ya kudumu ya Kitzsteinhorn. Mji hupokea wageni wengi kutoka nchi za Ghuba, hasa majira ya joto, hivyo migahawa ya halali ipo. Ulizeni mapema ipi iko wazi Desemba, au chukueni nyumba yenye jiko mpike wenyewe. Kwa wanaoswali, Magharibi ya Desemba huko huingia kabla ya saa kumi na moja jioni na Alfajiri huchelewa, jambo linalolingana vizuri na saa za lifti.

Zermatt ni ghali, na magari binafsi ya wageni hayaingii. Mnaacha gari Täsch na kumalizia kwa treni. Kitanda chake kinapita cha Lushoto kidogo tu, na karibu kila mtu hulala. Kosa linalofanywa ni kupanda siku ya kwanza hadi kilele cha gari la waya, mita 3,883, juu kuliko Horombo, kwa chini ya saa moja. Watoto hurudi na kichwa kinachowanyima usingizi, kisha lawama zinaangukia hoteli. Siku mbili za kwanza bakieni chini ya mita 2,500.

Wenye ndugu Marekani huelekezwa Colorado. Breckenridge inalaza watu juu kuliko Mandara, na tofauti ya saa kumi inaongezwa juu yake. Kwa mlala vibaya ni mizigo miwili kwa mpigo. Kama hakuna namna, laleni Denver kwanza, mita 1,600, usiku mbili. Whistler ya Kanada, yenye kijiji mita 675, ni rafiki zaidi.

Kuna mvutano ambao hakuna kituo kinachoukwepa: kitanda kikiwa chini, theluji ya mlangoni huwa ya mashaka, hasa wiki mbili za kwanza za likizo ya Desemba. Krismasi na mwaka mpya theluji huwa imekaa lakini bei imepaa. Ndiyo maana vinavyotufaa ni vituo vyenye mguu mmoja bondeni na mwingine kwenye barafu. Na msiamini namba zilizo kwenye majina. Courchevel 1850 iko karibu mita 1,750. Ukiandikia hoteli, uliza mwinuko wa jengo lenyewe kwa mita, kisha utafute kwenye ramani. Ndani ya kituo kimoja nyumba mbili zinaweza kupishana mita 300.

Afya ya mmoja inaweza kufuta mjadala wote. Pwani yetu ina watoto wengi wenye selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Oksijeni pungufu, baridi na ukavu wa mwili ni vitu vitatu vinavyoamsha maumivu yake, na mlima wa theluji una vyote. Mtoto huyo asipelekwe bila idhini ya daktari wake, na Afriski na Breckenridge ziondolewe kabisa kwenye orodha. Hata mwenye vinasaba vya AS, yaani aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani haumwi, amewahi kuonekana akipata jeraha la bandama kwenye miinuko mikubwa. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto juu huko ni ya kushuka mara moja. Wasiojua hali zao wapime kabla ya kulipia tiketi. Aliyetoka kuugua malaria na damu imepungua asubiri ipande. Mwenye pumu ajue kwamba hewa baridi na kavu humbana kuliko mwinuko wenyewe. Pampu yake ikae mfuko wa ndani wa koti, isigande.

Dawa ipo, na haichukui nafasi ya kitanda cha chini. Asetazolamidi hutuliza ile pumzi ya kukatika na kuboresha usingizi. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 kila saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kwa mtoto ni miligramu 2.5 kwa kila kilo kwa dozi, isizidi 125, yaani mtoto wa kilo 20 hupata 50. Iandikwe na daktari na igawanywe na mfamasia. Ganzi ya vidole na mkojo mwingi ni kawaida yake. Aliyewahi kuharibika ngozi kwa Septrin au SP amwambie daktari kabla ya kuigusa. Msitumie Valium wala pombe kutafuta usingizi juu, maana hupunguza pumzi ambayo tayari ni haba. Piriton, ambayo wengi wetu humpa mtoto ili alale, iacheni nyumbani pia: humsinziza akashindwa kuwaonyesha kwamba anazidiwa.

Wanaobeba kipima oksijeni cha kidole wajue mipaka yake. Kidole baridi husoma uongo, piko na hina nyeusi huvuruga, na kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha namba nzuri kuliko ukweli. Pasha mkono joto, tumia kidole kisichopakwa, na msiifuate namba mkamwacha mgonjwa. Mtu mzima mwenye afya kwenye mita 3,000 anaweza kusoma asilimia 88 hadi 92 akiwa macho. Akilala hushuka zaidi.

Chumbani, hita hukausha hewa mpaka koo linawasha. Tundika taulo lililoloweshwa, weka joto kati ya nyuzi 16 na 18, ongeza blanketi badala ya kuongeza hita. Wote wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya chumba chenye hita ya gesi au moto wa kuni, tokeni nje kwanza, maana huenda ni kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyoonekana. Na homa si dalili ya mwinuko. Mtu wa Tanga mwenye homa na kichwa ndani ya wiki chache tangu aondoke nyumbani apimwe malaria, na daktari wa huko aambiwe wazi mmetoka wapi, kwa sababu hatafikiria mwenyewe.

Kichwa chepesi, bila kutapika, kinaweza kusubiriwa palepale kwa maji, chakula na mapumziko, bila kupanda zaidi. Kichwa kisichotulia kwa parasetamoli pamoja na kutapika ni cha kushuka. Kuhema mtu akiwa amekaa tu, kikohozi kinachozidi, midomo ya buluu, kuyumba akitembea kisigino kwa kidole, au kuongea ovyo: hapo ni kushuka usiku uleule, mita 300 hadi 1,000, na kutafuta hospitali. Brides na Zell am See tayari mko chini. Val Thorens kuna barabara nzuri ya kushukia bondeni. Kwa waliolala Afriski, gari liwe na mafuta tangu mchana na mmoja awe dereva wa usiku. Na kwa kuwa barabara ya Moteng huganda usiku, mwenye dalili za shaka ateremshwe kabla ya Magharibi.